Picha Kabla ya Sindano

Katika mwaka 1853 mpasuaji mmoja wa London Hospital, John Adams kwa jina lake, aliandika habari za mgonjwa aliyekuwa na uvimbe mgumu wa tezi dume. Nyama ya uvimbe ule ilitazamwa kwa hadubini ikaonekana kuwa ni saratani. Adams alisema kuwa maradhi hayo ni ya nadra sana. Hakusema uongo; alisema alivyoona. Wanaume wengi wa zama zake walikufa kwa maradhi mengine kabla ya kufikia umri ambao saratani hiyo hujitokeza, na miongoni mwa waliofika umri huo wapo waliozuiliwa na mkojo hata wakafa, wakahesabiwa kuwa wameuawa na uzee. Hivyo ndivyo saratani ambayo leo ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanaume wa dunia nzima ilivyoingia katika vitabu vya utabibu kama kioja.

Tezi dume ni kiungo kidogo, yapata ukubwa wa ndimu kwa mtu aliye kijana, nayo imejificha mahali pagumu. Iko chini ya kibofu, imeuzunguka mfereji wa mkojo, na nyuma yake uko utumbo wa haja kubwa. Viungo vingi hujieleza vikipatwa na maradhi. Tezi hii mara nyingi haijielezi, kwa kuwa saratani yake aghalabu huanza pembezoni, mbali na mfereji, ikaweza kukua miaka mingi bila kuzuia mkojo wala kuleta maumivu. Kwa muda mrefu njia pekee ya kuipapasa ilikuwa kidole cha tabibu kupitia njia ya haja kubwa. Kidole hugusa upande wa nyuma tu. Uvimbe uliokaa upande wa mbele haufikiwi, na ulio mdogo haujulikani hata ukifikiwa. Kidole kilipogundua kitu, mara nyingi kitu hicho kilikuwa kimekwisha kuvuka mipaka ya tezi.

Mwaka 1904, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Hugh Hampton Young aliiondoa tezi yote pamoja na saratani iliyokuwamo. Upasuaji ukapatikana, lakini haifai mtu apasuliwe kwa kudhaniwa tu. Ilipasa kwanza ithibitike kuwa anayo saratani, na uthibitisho haukuwa na njia ila kuchukua kinyama kidogo cha tezi na kukitazama kwa hadubini. Mwaka 1930 Russell Ferguson wa New York alieleza namna ya kuingiza sindano katika msamba na kufyonza chembe za tezi. Baadaye matabibu wengi waliiacha njia ya msamba wakapitisha sindano katika utumbo wa haja kubwa, kwa sababu hapo tezi iko karibu na kazi huisha upesi. Wepesi ukachaguliwa, gharama yake ilikuja kudaiwa baada ya miaka mingi.

Kabla ya kuendelea na habari za sindano yafaa kutaja jambo moja lililoifanya saratani hii kuwa tofauti na nyingine nyingi. Mwaka 1935 Arnold Rich, aliyekuwa mjuzi wa maradhi wa Johns Hopkins, alichapisha matokeo ya kuchunguza tezi za wanaume waliokufa kwa sababu nyingine kabisa. Katika idadi isiyokuwa ndogo ya maiti hizo alikuta saratani ambayo haikupata kujulikana na mwenyewe wala na tabibu wake. Wachunguzi waliomfuata waliona vivyo hivyo, na waliona kuwa idadi huongezeka kwa kadiri ya umri. Maana yake ilikuwa nzito. Mtu aweza kuishi na saratani ya tezi dume, akazeeka nayo, akazikwa nayo, isimdhuru. Na mtu mwingine, jirani yake, akauawa na saratani yenye jina lilo hilo. Basi swali la tabibu halikuwa tena kama saratani ipo au haipo. Lilikuwa ni saratani gani. Mnamo mwaka 1966 Donald Gleason wa Minneapolis alitoa kipimo cha kupambanua ukali wake kwa sura ya chembe zake chini ya hadubini, na kipimo hicho, baada ya marekebisho kadha wa kadha, kinatumika mpaka leo. Lakini kipimo cha Gleason huhukumu kinyama kilichotolewa. Kinyama kikitolewa mahali pasipo pake, hukumu huwa ya mahali hapo.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 Hiroki Watanabe na wenzake wa Japani walifaulu kupata picha za tezi dume kwa mawimbi ya sauti, na mwaka 1989 Kathryn Hodge na wenzake wa Stanford walieleza utaratibu wa kuchukua vinyama sita, vitatu kila upande, sindano ikiongozwa na picha hiyo. Baadaye sita vikawa kumi, na kumi vikawa kumi na viwili. Kwa jina, sindano ilikuwa ikiongozwa. Kwa kweli ilikuwa kipofu. Mawimbi ya sauti yalionyesha mipaka ya tezi, hayakuonyesha vyema saratani ndani yake. Mpasuaji alijua kuwa sindano imo katika tezi, asijue kama imo katika maradhi.

Kazi hii yaweza kufananishwa na ya mfanyabiashara wa nafaka achomaye bambo katika gunia. Bambo humfaa kwa kuwa mahindi ya gunia moja yamechanganyika, na gao moja laweza kuyashuhudia mengine. Saratani haikuchanganyika. Imekaa pembe moja, pengine kwa ukubwa wa punje ya kunde, na bambo kumi na mbili zaweza kupita kandokando yake zote. Na upande wa mbele wa tezi, ambao sindano ipitayo nyuma hufika kwa shida, ulikuwa kama chini ya gunia ambako mwuzaji mwerevu huficha mahindi mabovu. Wako wanaume waliochomwa mara mbili, mara tatu, kila mara wakaambiwa kuwa ni wazima, na huku hesabu ya damu yao ikizidi kupanda.

Hesabu hiyo ya damu ndiyo iliyoufanya udhaifu wa sindano kuwa jambo la watu wengi. Mwaka 1979 wachunguzi wa Roswell Park katika mji wa Buffalo walitenga protini ya tezi dume iitwayo PSA. Mwaka 1986 Marekani iliruhusu kipimo chake kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa waliokwisha kujulikana, na mwaka 1994 ikakiruhusu kwa kuwatafuta wasiojulikana. Kipimo ni rahisi: damu kidogo, na jibu la tarakimu. Lakini PSA hutoka katika tezi, si katika saratani peke yake. Tezi ikivimba kwa uzee hupanda. Ikiingiwa na maradhi ya kuambukiza hupanda vilevile. Mamilioni ya wanaume walipelekwa kwenye sindano kwa sababu ya tarakimu, na sindano kipofu ikafanya kosa la pande mbili kwa wakati mmoja. Iliwakosa wengi wenye saratani kali, na iliwagundua wengi wenye saratani tulivu ambazo Rich alizikuta katika maiti. Hawa wa pili hawakuachwa. Walipasuliwa au walichomwa kwa mionzi, na sehemu yao walibaki wasioweza kuzuia mkojo, au wasioweza tena kuwaingilia wake zao, kwa maradhi ambayo labda yasingeliwaua kamwe. Mwaka 2010 Richard Ablin, ambaye mwaka 1970 alikuwa miongoni mwa waliogundua dutu maalumu za tezi hiyo, aliandika katika gazeti la New York Times akililaumu vikali tumizi la PSA kwa watu wote. Mwaka 2012 jopo la Marekani lishauri juu ya kinga ya maradhi lilishauri kwamba wanaume wasipimwe PSA kama desturi. Ushauri huo ulilegezwa mwaka 2018, mambo mengine yalipokuwa yamekwisha kubadilika, na badiliko kubwa lilitoka katika elimu isiyohusiana na tezi.

Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja na wenzake na mahali pake, walionyesha kuwa viini vya atomu vikiwekwa katika nguvu ya sumaku na kuguswa na mawimbi ya redio huitikia kwa mawimbi yao wenyewe. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji yana hidrojeni, na kiini cha hidrojeni ni mwitikiaji mwema. Mwaka 1971 Raymond Damadian alionyesha kuwa nyama ya uvimbe wa panya huitikia kwa muda usiolingana na wa nyama nzima. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alichapisha njia ya kugeuza mwitiko huo kuwa picha, na Peter Mansfield wa Nottingham akaikuza kwa hesabu na kwa wepesi. Lauterbur na Mansfield walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Damadian aliachwa, akalipia matangazo ya magazeti kulalamika. Ugomvi huo una watetezi wa pande zote na hautaamuliwa hapa. Lililo muhimu ni kwamba mwaka 1980 kikundi cha John Mallard huko Aberdeen kilimtazama mgonjwa kwa mashine iliyoundwa palepale chuoni, na mwaka 1982 kutoka mji huohuo zilichapishwa picha za tezi dume zilizopatikana kwa njia ya sumaku, ambayo ulimwengu sasa waiita MRI.

Mtu angetazamia kuwa tangu hapo picha ingetangulia na sindano ingefuata. Haikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na hili ndilo fundo la historia yote. Picha za mwanzo zilikuwa hafifu, na mashine zilikuwa chache na za bei kubwa. Matabibu walizitumia kwa mtu aliyekwisha kuthibitika kuwa na saratani, ili wajue kama imevuka ukingo wa tezi kabla hawajampasua. Sindano kwanza, picha baadaye. Na utaratibu huo wenyewe uliiharibu picha, maana sindano huacha damu ndani ya tezi, na damu iliyovilia huonekana katika picha ya sumaku kama maradhi, au huyafunika maradhi yaliyopo. Wagonjwa wakaambiwa wangoje majuma sita au manane mpaka damu ipungue. Halafu wataalamu wakasema kuwa MRI haiaminiki sana katika tezi dume. Sehemu ya lawama hiyo ilikuwa haki. Sehemu nyingine ilikuwa sawa na kuyavuruga maji ya kisima na kumlaumu mtekaji.

Picha ziliongezeka ubora kwa hatua. Iliyokuwa na faida kuliko zote ni ile ya kupima mwendo wa maji ndani ya nyama, elimu ambayo Denis Le Bihan wa Ufaransa aliianzisha katikati ya miaka ya 1980 kwa ajili ya ubongo. Katika tezi nzima maji hutembea kwa nafasi ndani ya vifereji vyake; katika saratani kali chembe zimesongamana na maji hukosa njia. Msongamano huo huonekana katika picha. Kwa hiyo picha hii haionyeshi umbo la uvimbe tu, bali hugusa ile tabia ambayo Gleason aliitafuta chini ya hadubini. Hudokeza ukali pamoja na mahali, na saratani nyingi tulivu, ambazo chembe zake hazikusongamana, hupita bila kuonekana. Kwa mara ya kwanza kutoonekana kwa saratani kulikuwa na faida kwa mgonjwa. Mwaka 2012 wataalamu wa Ulaya walitoa kanuni za kusoma picha hizo, zijulikanazo kwa jina la PI-RADS, zikipanga shaka kwa daraja kutoka 1 hadi 5.

Hata hivyo dai kwamba picha itangulie lilihitaji shahidi. Shahidi angepatikana wapi? Ukimpiga mtu picha ukaona haina kitu, kisha usimchome, hutajua kamwe kama picha ilisema kweli. Ukimchoma kwa sindano kipofu, unaihukumu picha kwa shahidi asiyeaminika. Wachunguzi wa Uingereza, wakiongozwa na Hashim Ahmed na Mark Emberton wa University College London, walikata shauri la kufanya jambo gumu. Katika uchunguzi ulioitwa PROMIS, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet, wanaume ambao hawajapata kuchomwa sindano walipigwa kwanza picha ya MRI. Majibu ya picha yalifichwa, mgonjwa asiyajue wala mpasuaji. Kisha kila mmoja alipewa nusukaputi, akachukuliwa vinyama vya tezi yote kupitia msamba, kimoja kwa kila milimeta tano kama mtu apandaye mbegu kwa kamba; na katika usingizi uleule akachomwa tena kwa njia ya kawaida ya nyuma. Vinyama vya msamba ndivyo vilivyokuwa hakimu, na picha pamoja na sindano ya kawaida zilisimama mbele yake.

Walioandikwa walikuwa 740, na waliomaliza vipimo vyote vitatu walikuwa 576. Yapasa kufikiri kidogo juu ya watu hawa. Kila mmoja alikuja hospitalini kwa hofu yake mwenyewe, akitaka kujua kama anayo saratani au hana. Angeweza kuchomwa vinyama kumi na viwili akarudi nyumbani. Badala yake alikubali kuchomwa mara nyingi zaidi, na kwa mwenye tezi kubwa idadi ya vinyama ilikuwa nyingi mno, ili ijulikane kama wanaume watakaokuja baadaye waweza kuepushwa na sindano. Walikuwamo waliopatwa na madhara makubwa, na wanane waliingiwa na sumu ya maradhi katika damu. Historia za utabibu huwataja wavumbuzi kwa majina na hawa huwataja kwa tarakimu. Tarakimu zao ndizo zilizobadili kazi.

Hakimu aliwakuta 230 wenye saratani ya kutisha kwa kipimo kilichokuwa kimewekwa. Sindano ya kawaida iliwatambua 111, yaani asilimia 48. Picha iliwatambua 213, asilimia 93. Zaidi ya nusu ya wanaume wenye saratani ya kutisha, kama wangalitegemea sindano peke yake, wangalirudishwa nyumbani kwa maneno ya faraja au kwa jina la maradhi mepesi kuliko yaliyokuwamo. Kwa miaka karibu thelathini wanaume walikuwa wamepewa maneno hayo.

Lakini tarakimu za PROMIS zina upande wa pili, na baadhi ya wanaoisifu picha huusoma upesi upesi. Picha ilitia shaka wengi ambao hawakuwa na saratani ya kutisha. Kati ya wasiokuwa nayo, iliwaachilia asilimia 41 tu. Na miongoni mwa wanaume 158 ambao picha haikuwatilia shaka, 17 walikuwa na saratani iliyofikia kipimo cha kutisha, ingawa hakuna katika wao aliyekuwa na ile ya daraja kali kabisa. Kwa hiyo picha haikuwa hukumu. Ilikuwa njia ya kupima hatari kabla ya kuchoma, na tabibu mwenye busara huitazama pamoja na umri wa mtu, jamaa zake waliopata kuugua, na kiasi cha PSA kikilinganishwa na ukubwa wa tezi yenyewe. Tezi kubwa yenye PSA ya kadiri si sawa na tezi ndogo yenye PSA ileile.

Mwaka uliofuata, 2018, uchunguzi ulioitwa PRECISION, wa wanaume 500 katika nchi kumi na moja, ulijibu swali la vitendo. Nusu walichomwa kwa desturi. Nusu walipigwa picha kwanza, na aliyeonekana na shaka alichomwa pale tu penye shaka, na asiyeonekana hakuchomwa. Katika kundi la picha asilimia 38 walikutwa na saratani ya kutisha, na katika kundi la desturi asilimia 26. Saratani tulivu zilikuwa asilimia 9 dhidi ya 22. Zilizotakiwa kupatikana zilipatikana zaidi, na zilizotakiwa kuachwa ziliachwa zaidi, na robo ya kundi la picha na ushei hawakuguswa na sindano. Mwaka 2019 NICE, taasisi itoayo miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilishauri kwamba mwanamume anayeshukiwa kuwa na saratani iliyo bado ndani ya tezi atanguliziwe MRI. Sindano nayo, kwa sababu vijidudu vya utumbo vilikuwa vimezizoea dawa na kuwatia wagonjwa hatarini, ilianza kurudi kwenye msamba, mahali ambapo Ferguson aliichoma mwaka 1930.

Kazi iliyobaki ni ya wasomaji wa picha, maana picha ileile yaweza kupewa daraja la 2 na mtaalamu mmoja na la 4 na mwingine, na daraja la 3 ni jina la heshima la kutojua. Bei nayo imeshughulikiwa. Desturi ilikuwa kumdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha picha, jambo lirefushalo kazi na kuongeza gharama. Uchunguzi wa PRIME uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa picha isiyo na dawa hiyo, ikiwa imepigwa vizuri na kusomwa vizuri, haikupungukiwa katika kuzipata saratani za kutisha.

Nchini Uingereza hesabu zimeonyesha kuwa mwanamume mweusi mmoja katika wanne hupata saratani hii katika maisha yake, na kwa weupe ni mmoja katika wanane. Uchunguzi mkubwa uitwao TRANSFORM, uliotangazwa huko mwaka 2023 ili kutafuta njia bora ya kuwapima wanaume wasio na dalili, MRI fupi ikiwamo, umepanga kuwaalika weusi tangu umri wa miaka 45 na wengine tangu 50. Katika Afrika ya Mashariki habari ni nyingine. Mashine za MRI zimekusanyika katika miji mikubwa, na wagonjwa wengi wa tezi dume hufika hospitalini saratani ikiwa imekwisha kushika mifupa ya mgongo na nyonga. Kwa mtu wa namna hiyo swali la kutanguliza picha au sindano halipo tena, kwa maana PSA yake na mifupa yake vimekwisha kusema. Lipo kwa mdogo wake, na kwa mwanawe aliyemsindikiza, ambaye mara nyingi huketi nje ya chumba cha tabibu akishika bahasha ya karatasi za baba yake, wala hakuna anayemwuliza umri wake.